Kumfundisha Mnemba

Tarehe 6 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua uvimbe na cherehani imeacha ukorofi wake. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa kukaa kutwa nzima kwenye kiti. Mwambie Chiriku nimesikia habari za jino lake, na kwamba siyo lazima kila mteja anayekuja kupimwa sare aonyeshwe pengo. Binti yangu ana miaka minane sasa na bado namjua zaidi kwa picha kuliko kwa sauti. Hilo linaniuma, sitakuficha.

Ningekupigia simu, lakini tangu jirani akuaminishe kwamba simu husikiliza hata ikiwa imezimwa, najua utaifunika na ndoo. Basi nimerudi kwenye kalamu.

Jambo lenyewe ni kazi. Unajua sisi tunasahihisha Kifaransa cha watu: barua za maombi, tasnifu za wanafunzi, maelekezo ya pasi na majiko. Zamani chumba kilijaa wasahihishaji. Sasa tumebaki wawili, mimi na yule mzee aliyenifundisha kazi. Mimi humwita Mzee Nukta, kwa sababu nukta ikikosekana mahali pake hali chakula akashiba. Wenzetu wameondolewa kwa sababu imeletwa mashine. Wanaiita akili mnemba, yaani akili ya kutengenezwa. Maandishi yakiingia, yenyewe inayapitia kwanza na kupiga mistari myekundu chini ya makosa. Sisi tunakaa mbele ya skrini na kubonyeza: kubali au kataa. Nikikataa naandika lililo sahihi, nayo inajifunza kutoka kwangu.

"Nyinyi ni walimu wake," bosi alituambia, akicheka mpaka magego. Shangazi, machale yalinicheza. Mwalimu gani anafundisha mwanafunzi atakayekalia kiti chake?

Ameahidi mkataba wa kudumu mwezi wa tisa, kwa yule "atakayeonekana anafaa". Nikiupata, sheria ya hapa inaniruhusu kumleta Chiriku nikae naye. Nisipoupata, kibali changu kinakwisha na ninarudi hivihivi. Na kuna jambo jingine. Mzee Nukta siku hizi anaitwa kwa bosi, mlango unafungwa, na akitoka hanitazami usoni.

Nakubusu mikono. Usimwambie mtoto bado.

Mwanao

*

Tarehe 2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu umepungua, ila mdomo ndio umevimba kwa kugombana na wateja. Mama mmoja kaleta kitambaa cha kutosha sketi anataka gauni. Nikamwambia basi alete na mtoto mdogo zaidi wa kulivaa.

Umesema nisimwambie Chiriku. Sikufungua mdomo. Lakini shule nzima inajua kwamba mwezi wa tisa anahamia kwa mama yake, na amekwisha kugawa penseli zake. Inaelekea bahasha zako zinasomwa na mtu mfupi.

Sasa, huyo Mnemba wenu simpendi hata kwa kusikia. Mtu asiyekula, asiyelala, asiyeumwa jino, anayetaka kujua kila unachokijua, ana nia gani? Nikueleze kitu. Nimefundisha wasichana wengi kushona, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona nikikata kola. Tukifika kwenye kola namwambia, "Kimbia ukaniletee uzi." Akirudi, kola imekwisha kukatwa. Ndiyo maana mpaka leo walimu wakuu wanakuja kwangu na hawaendi kwao. Ndivyo nilivyofanyiwa na mimi, kola nikaijulia ukubwani kwa kufumua mashati ya watu. Na wewe mkifika kwenye kola, mtume Mnemba akanunue uzi.

Na huyo mzee anayefungiwa ndani na bosi, kaa naye chonjo. Mtu akitoka kukusema hawezi kukutazama. Ni jasusi huyo. Au anakutaka, lakini kwa jinsi unavyomweleza nadhani ni jasusi.

Kula vizuri. Picha ya mwisho ulionekana shingo tupu.

Shangazi yako

*

Tarehe 11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za ofisi nikacheka peke yangu, mfagiaji akanitazama kama mwehu. Shingo iko palepale, ila koti ni kubwa. Viatu vya Chiriku nimevituma kwa yule dereva wa malori anayekuja huko. Vikimbana usimwache avikanyage visigino.

Shauri lako la kola limeniingia. Tabu ni kwamba Mnemba hatumwi uzi. Yeye yupo muda wote, anatazama. Kwa hiyo nimefanya jambo jingine, ambalo siliandiki hapa kwa sababu ya watu wafupi. Ninachoweza kusema ni kwamba akitoka mikononi mwangu atakuwa mwanafunzi wa ajabu.

Bosi ametundika skrini karibu na mlango wake. Inaonyesha kila msahihishaji anakubaliana kiasi gani na mashine. Mimi napanda. Mzee Nukta anashuka. Bosi akipita ananipiga begani na kusema, "Vizuri sana, binti."

Ulivyosema kuhusu mzee, naanza kuona kweli. Juzi alisimama nyuma ya kiti changu mpaka nikahisi pumzi yake.

"Hii umeikubali?" akaniuliza.

"Nimeikubali."

"Una hakika?"

"Kwani umetumwa kunikagua?"

Alivua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena. "Samahani, binti," akasema, akarudi kwenye meza yake. Mtu asiye na lake jambo angeomba samahani ya nini?

Mwanao

*

Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Viatu vimefika na vimemkaa. Anatembea navyo ndani, nje hataki, anasema ni vya kule.

Jambo jingine ni jambo gani? Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila nikifika hapo najikuna. Mimi nakujua tangu unalamba sukari na kusema ni sisimizi. Ukiwa umefanya kitu cha maana unaandika kurasa nne. Ukiwa na cha kuficha unafanya utani.

Na wenye karatasi zao, hawalalamiki? Mtu akileta shati lake nikamwekea kifungo mgongoni, kesho yuko mlangoni kwangu.

Nijibu hayo tu. Ya hali ya hewa tutayaongea tukikutana.

Shangazi yako

*

Tarehe 9 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Dereva wa malori amepita mara mbili mikono mitupu. Mtoto anauliza, namwambia mama ana kazi nyingi. Ananitazama kwa jicho kama la kwako. Kama unaumwa, sema. Kama umefukuzwa, sema. Kama ni lile jambo jingine, basi ndiyo useme zaidi.

Shangazi yako

*

Tarehe 3 Agosti

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Siumwi. Sikufukuzwa. Kinyume chake, bosi ameniambia mkataba utakuwa tayari mwezi ujao, niandae karatasi za mtoto. Nahitaji cheti chake cha kuzaliwa, cha chanjo, na picha nne asicheke.

Uliuliza kama wateja hawalalamiki. Hawalalamiki, kwa sababu hawaoni. Wangekuwa wanaona wasingetuletea.

Nimepata chumba kikubwa zaidi, kina dirisha linalotazama uwanja wa shule. Nimemwekea kitanda upande wa ukuta asianguke. Pazia nitashona mwenyewe, usinicheke.

Mzee Nukta ameondoka. Kwenye meza yake wameweka mashine ya kuchapa.

Mwanao

*

Tarehe 19 Agosti

Mwanangu,

Vyeti viko kwenye bahasha hii, isipokuwa picha. Picha ninazo mimi.

Unaniambia ameondoka. Watu huondoka sokoni. Mzee aliyefanya kazi miaka yote hiyo haondoki kazini kimyakimya, tena mwezi mmoja kabla ya mkataba unaoupata wewe. Nani kamwondoa, na kwa kosa gani?

Nimekulea baada ya kaka yangu kufariki na sasa namlea mwanao. Sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba uniambie ukweli. Mpaka huo ukweli unifikie, picha hazitoki kabatini.

Shangazi yako

*

Tarehe 7 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Haya, ukweli ni huu.

Nilikuwa namdanganya Mnemba. Akipiga mstari chini ya kosa la kweli, nilibonyeza kataa. Akiacha kosa likapita, nilibonyeza kubali. Hata neno lililo sahihi nililifuta nikaandika kosa mahali pake. Nilianza na machache, kisha nikanogewa. Niliwaza hivi: atajifunza upuuzi, ataharibu karatasi za watu, bosi ataona kwamba bila sisi ofisi haiendi, atamfungasha na kutubakisha sisi. Nilijiona mjanja mno. Siku nyingine nilikuwa natoka ofisini nikipiga mluzi.

Sikufikiria kwamba Mnemba alikuwa na walimu wawili. Mzee anasoma kila ukurasa mara mbili, taratibu, kidole kwenye skrini. Mimi napita kama upepo. Kwa hiyo aliyemfundisha zaidi ni mimi, akawa anakubaliana na mimi, na alipokuwa ameiva alianza kumsahihisha mzee. Mzee akiandika sawasawa, mstari mwekundu. Mzee akikataa, alama zake zinashuka pale ukutani, kila mtu anaona. Alibishana, akaleta kamusi zake nene ofisini. Bosi akamwambia, "Mzee, dunia imebadilika, hata binti yako huyu anakubaliana na mashine." Akanielekezea kidole. Nikainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kalamu.

Walimwondoa mwezi wa saba. Ndiyo maana sikuandika.

Mkataba uko mezani kwangu, sijausaini. Naona aibu, Shangazi. Lakini nikimwangalia Chiriku kwenye picha nasema, nisaini, liishe. Niambie nifanye nini.

Mwanao

*

Tarehe 21 Septemba

Mwanangu,

Marahaba.

Mimi nilikwambia ufiche kola. Sikukwambia umfundishe mtu kushona mkono wa shati mahali pa shingo, halafu umvalishe mzee wa watu. Hayo ni yako.

Nimeandika hivyo nikaweka kalamu, nikaenda kupiga pasi, nikarudi. Nisijitoe. Mimi ndiye niliyemwita jasusi mtu ambaye sijawahi kumtia machoni. Nilikutilia ufunguo, wewe ukaendesha. Nimekasirika na wewe na nimekasirika na nafsi yangu, na sijui hasira ipi inaninyima usingizi.

Ila usiniulize ufanye nini. Nikikwambia usaini, nitakuwa nimemla mzee yule pamoja na wewe. Nikikwambia useme, nitakuwa nimemnyang'anya mtoto mama yake. Mtoto amekwisha kufungasha. Begi liko mlangoni na kila siku analifungua kuhakikisha viatu vipo. Picha nimezituma kama ulivyotaka. Kwenye zote nne amecheka, nilishindwa kumzuia.

Shangazi yako

*

Tarehe 14 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Keti kwanza.

Nilikwenda kwa Mzee Nukta siku ya mapumziko. Anakaa peke yake, chumba kimoja na jiko, vitabu mpaka juu ya friji. Alifurahi kuniona, Shangazi. Alinifutia kiti. Kabla hajachemsha maji nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, maana niliogopa nikikaa nitageuza habari.

Hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akaniuliza, "Kwa hiyo nilikuwa sahihi?"

"Ulikuwa sahihi, Mzee. Kila mara."

"Mimi nilidhani akili imeanza kunitoka." Alinionyesha miwani mipya aliyopimiwa. Alisema alifika mahali akawa anafungua kamusi kutafuta maneno anayoyajua tangu utoto, na hata akiyakuta haamini. Ameacha kumwandikia mdogo wake barua kwa kuogopa kuchekwa. Nililia pale mbele yake, na machozi yangu hayakumsaidia kitu.

Nikamwuliza kuhusu siku zile za kuitwa kwa bosi. Akasema bosi alikuwa anamtaka achague nani apunguzwe kati yetu. "Nilimwambia wewe una mtoto," akasema. "Sasa ningekutazamaje usoni? Ungeniuliza tulikuwa tunaongea nini."

Kesho yake tulikwenda ofisini pamoja. Nikamweleza bosi nilichofanya. Alicheka. Akasema nina moyo mzuri, namwonea huruma mzee, lakini mashine haidanganywi na mtu mmoja. Mzee akatoa ukurasa aliouandika mwenyewe, kwa mkono, nyumbani. Bosi akauingiza kwenye mashine. Mistari myekundu ikajaa juu mpaka chini.

"Unaona?" bosi akasema.

"Achana na mashine," nikamwambia. "Usome mwenyewe."

Akauchukua. Aliutazama muda mrefu, Shangazi, mpaka nikasikia aibu kwa niaba yake. Macho yake yalikuwa hayasogei. Ndipo nikakumbuka kwamba tangu mashine ije, hata ujumbe wa kututakia siku njema huiandikisha yenyewe. Kifaransa chake ni cha kununulia mkate. Ofisi nzima inayouza Kifaransa, hakuna mwenye kukijua isipokuwa sisi wawili tuliokuwa tumesimama pale.

Akaweka karatasi chini. Hakuwa anacheka tena.

"Huyu, mashine inasema hajui," akasema. "Wewe unasema mashine ndiyo inayodanganya. Mimi nimwamini nani?"

Akafikiri kidogo, akaniambia, "Kama kweli uliidanganya, huwezi kubaki hapa. Na kama unanidanganya sasa hivi, huwezi kubaki vilevile." Akauchukua mkataba wangu na kuuchana vipande viwili, kwa adabu, kama mtu anayekata kitambaa.

Kuhusu mzee hakusema neno. Alimwambia akae nje asubiri. Nilipopita na mfuko wangu wa vitu, alikuwa kwenye kiti cha wageni, kofia magotini. Nilitaka kusimama nimsemeshe nikashindwa.

Kibali changu kinakwisha mwishoni mwa mwezi ujao, kisha narudi. Kitanda cha mtoto nimempa jirani. Sijui utamwambia nini Chiriku. Nimejaribu kumwandikia mwenyewe, kila karatasi naichana.

Mwanao

*

Tarehe 30 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina utani.

Nilimwambia. Sikumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimweleza kwamba mama yake alifundisha mashine vibaya kwa makusudi, mzee mmoja akafukuzwa kwa ajili hiyo, mama akaenda kusema, na kwa kusema amepoteza kazi na kumwacha mzee nje akisubiri, kwa hiyo safari haipo. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake ni muujiza. Kisha alikwenda mlangoni akafungua begi na kutoa kitu kimojakimoja. Viatu alivivaa palepale, akatoka navyo nje kwenye vumbi. Alilia huko, sikumfuata. Jioni hakula.

Nilimhurumia mpaka nikakuchukia kidogo. Nakuambia kwa sababu tumekubaliana kuambiana. Imekwisha kupita.

Asubuhi nilikuwa namsuka. Mara akaniuliza, "Bibi, yule babu aliyekaa nje, walimwita ndani?"

Nikamwambia sijui, mama hakuandika. Akageuka, msuko ukanitoka mkononi. "Hakumwuliza?"

"Alishindwa."

Akarudisha kichwa nimalize. Nilipofunga uzi wa mwisho akasema, "Mwambie asije kwanza. Akaangalie kama babu ameitwa, ndiyo aje."

Nami nakwambia hivyohivyo. Kitanda chako nimekitandika. Lakini kabla hujapanda ndege, nenda kaangalie.

Shangazi yako